Nusu ya Kushoto ya Bawa

Fundi Mkubwa hakuwa na ushirikina, hata wa dawa. Ukimwambia umeota meno yameng'oka, atakuuliza kama ulipiga mswaki kabla ya kulala. Kwa hiyo asubuhi ile, alipofungua mlango wa karakana akakuta mabawa manne yaliyoning'inia darini yote yamegeuza pua kuelekea dirisha moja, hakupiga kelele wala hakumwita jirani. Aliweka funguo mezani, akavua viatu, akayageuza moja baada ya jingine yatazame ukuta kama alivyoyaacha jana. Alipomaliza la nne akageuka kulitazama la kwanza. Lilikuwa linarudi dirishani, polepole, bila haraka yoyote. Aliketi chini akilitazama.

Dirisha lenyewe lilitazama ziwa, upande wa matete, mahali mto unapoingilia. Huko ndiko mdogo wake alikopotelea miezi kumi na mmoja iliyopita. Na huko ndiko binti wa mdogo wake, mtoto pekee katika familia ile ndogo, alikokuwa ameapa kwenda siku hiyo, upepo wa alasiri ukianza.

Tuelewane kwanza kuhusu mabawa, maana wako wanaodhani yanafungwa kwenye ndege. Ni ya mchezo wa majini. Mtu anasimama juu ya ubao wenye mguu mrefu wa chuma chini yake, na mwisho wa mguu huo pana pezi. Mikononi ameshika bawa la kitambaa ambalo halijafungwa popote, ni mikono yake tu. Upepo ukilijaa, ubao unanyanyuka juu ya maji na mtu anakwenda kimya, bila injini, bila makasia, hagusi hata wimbi. Mara ya kwanza kumwona mtu akipita hivyo utahisi umechungulia kitu ambacho hukutakiwa kukiona.

Tabia yote ya bawa hilo iko mbele. Ukingo wake wa mbele ni bomba refu la kitambaa lenye mpira ndani, linalojazwa kwa pampu mpaka ukiligonga kwa kidole linalia. Bomba hilo ndilo linalokutana na upepo kabla ya kitu kingine. Likiwa nene, bawa linakuwa pole: halikunjiki, linasamehe makosa, linambeba mwanafunzi bila kumfokea, ila ni zito, na ukitaka kupanda kuelekea upepo unakotoka linakaidi. Likiwa jembamba linapasua upepo, linakimbia, linapanda. Lakini jembamba linadai kitambaa kigumu na hewa nyingi, la sivyo linapinda upepo ukikaza. Na likishakuwa jembamba na gumu hivyo, halimfichii mtu siri. Kila kosa la mshono linajitangaza majini.

Bomba hilo halikatwi zima. Ni vipande saba kulia na saba kushoto, kila kimoja kimekatwa mshazari kidogo, na ukiviunga vinapinda kama ndizi. Kila kipande kina kigezo chake cha karatasi ngumu, unakilaza juu ya kitambaa, unakizungushia chaki, unakata.

Dada wawili ndio waliokuwa wakiifanya kazi hiyo. Walianza na maturubai ya malori na mahema, kwenye ghala la zamani la magunia lenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikawa laini kama sabuni. Kisha akaja mwanamume mmoja mrefu mwenye michoro ndani ya mrija wa karatasi, akawauliza kama wanaweza kushona kitu kitakachojaa hewa. Watu walimwita Injinia. Uhandisi aliusoma mwaka mmoja na nusu akaacha, ila jina hakuliacha. Yeye alichora, wao wakashona, na kituo cha michezo kule ufukweni kikanunua mabawa yao mpaka wakasahau maturubai yananukaje.

Cherehani zao zilikaa zikitazamana. Mkubwa alishona nusu ya kulia, mdogo nusu ya kushoto, na katikati wakaunganisha. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: mkasi wa mwenzako huugusi, na vigezo vya mwenzako hata kuvihesabu marufuku. Ukivihitaji unaomba, na hakuna aliyewahi kuomba, kwa sababu wote wawili walikuwa na kiburi cha mama yao. Wateja wakawaita Fundi Mkubwa na Fundi Mdogo, wakazoea.

Mikono yao ilikuwa mbalimbali kabisa. Mkubwa alishona kwa mkono mwepesi, kitambaa kinapita chini ya sindano kana kwamba hakijashikwa. Mdogo alivuta. Alikuwa na mkono mzito, mshono wake unakula nguo. "Wewe unashona au unamkaba mtu?" dada yake alikuwa akimwuliza, tena mbele za wateja, na watu wanacheka. Miaka ile ya mwanzo nusu ya kushoto ilitoka fupi mara tatu au nne, na kila mara Fundi Mkubwa aliifumua hadharani, uzi mmoja baada ya mwingine, akiuinua juu ili kila mtu auone. Baadaye nusu ya kushoto ikaacha kuwa fupi. Fundi Mkubwa akajipongeza kimoyomoyo kwamba maneno yake yamemwingia mdogo wake.

Halafu Injinia akachora bomba jembamba. Alirukaruka siku hiyo kama aliyepata mtoto wa kwanza. Kitambaa kipya kigumu, unene wa bomba umepungua karibu nusu, hewa mara mbili. Bawa namba moja likashonwa, na aliyelipeleka majini kulijaribu alikuwa Fundi Mdogo, kama kawaida, maana alikuwa mwepesi na hofu ya maji hakuijua. Wiki hiyo kidole gumba chake kilikuwa kimetunga usaha baada ya kujichoma sindano. Alikwenda na bendeji, akitania kwamba vidole tisa vinamtosha, cha kumi alikuwa akikitumia kumnyooshea dada yake tu.

Alikwenda vizuri mpaka katikati ya ziwa. Wakati wa kurudi, waliokuwa ufukweni waliona bawa likilalia upande mmoja, akaliinua, likalala tena, na kila alipoliinua alikuwa amesogea zaidi kuelekea matete. Pale mto unamwaga tope lisilo na mwisho, na chini ya majani yanayoelea kuna mkondo. Bawa lilikutwa siku ya tatu, limechanika. Yeye hakukutwa. Familia ilikaa msibani bila maiti, na watu wakakubaliana kwamba ni kidole, hakuweza kushika. Injinia alilichoma moto bawa lile, akarudi kwenye mabomba manene, na kwa muda mrefu hakucheka.

Fundi Mkubwa aliendelea. Alishona nusu ya kulia kwenye cherehani yake, kisha akaamka, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha mdogo wake na kushona nusu ya kushoto kwa vigezo vya mdogo wake. Mabawa manene yakatoka miezi tisa bila lalamiko. Lakini wateja walikuwa wameshaonja habari za jembamba, wakamzonga Injinia mpaka akakubali tena. Katika miezi miwili yakatoka mabawa manane membamba.

Wa kwanza kulalamika alikuwa daktari mmoja wa meno, mtu mnene mcheshi. Alirudi kwa miguu akizunguka ziwa, amelowa, bawa begani. "Kwenda linakwenda kama swala," alisema. "Kurudi linalala kushoto. Nimelisihi, nimelitukana, wapi! Limenipeleka mpaka kwenye matete." Alicheka peke yake. Wa pili alikuwa mlinzi wa waogeleaji, kijana asiyejua kutia chumvi, naye akasema vilevile. Wa tatu hakutaka hata kusimulia, alilitupa bawa mlangoni akaondoka. Injinia akaeleza habari za mikondo ya hewa. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba Fundi Mdogo amechoka kukaa peke yake kule, anatafuta wenzake. Wanawake walipomwona Fundi Mkubwa dukani walinyamaza wakaanza kuchagua nyanya kwa bidii.

Bawa la tano alilichukua binti wa Fundi Mdogo mwenyewe.

Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu pale kituoni, na tangu utotoni aliitwa Kiroboto kwa sababu hakuna aliyewahi kumkamata akiwa ametulia. Asubuhi ile ya mabawa manne aliingia karakana huku Fundi Mkubwa bado yuko sakafuni.

"Shikamoo mama mkubwa. Mbona umekaa chini?"

"Marahaba. Napumzisha miguu. Umekula?"

"Nitakula. Nimekuja kuazima pampu, ya kituoni imekufa."

"Ya kazi gani, na leo huna wanafunzi?"

"Unajua ya kazi gani."

Fundi alijua. Kiroboto aliketi juu ya meza, akazipembeza nyayo, akasema kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za kawaida. "Nimefika kule mara tatu. Silielekezi, mama mkubwa. Nalegeza mikono tu, lenyewe linajua njia. Nikikaribia matete bomba linaanza kuimba, hivi, mmmm. Halafu linanyamaza. Na matete nayo yananyamaza, na ndege. Halafu namsikia."

"Unamsikia nani?"

"Ananiambia, njoo unishikie."

Maneno hayo yalikuwa ya nyumba ile na si ya nyumba nyingine. Kitambaa kikiwa kirefu na meza fupi, mdogo wake alikuwa akimwita mtoto kutoka uani, mara kumi kwa siku: njoo unishikie. Na Kiroboto alikuja mbio, mikono michafu, akashika ncha ya kitambaa ilhali bado hajafikia urefu wa meza.

"Ni hewa inapita kwenye mishono," Fundi alisema. "Bomba jembamba likijaa sana linavuma. Injinia alishaeleza."

"Injinia alieleza pia kwamba lile la kwanza ni salama."

"Mwanangu."

"Jana nilikuwa karibu. Upepo ulikuwa mdogo, ukaniacha njiani. Leo unakuja mkubwa. Nikifika nitashuka kwenye ubao, niingie ndani ya matete nitazame."

"Ukishuka pale hutoki. Waliomtafuta walikuwa wamefungwa kamba, na bado mmoja alizama mpaka kifuani."

Kiroboto alimtazama. "Wewe hutaki kujua yuko wapi?"

Alitaka. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alitaka kuliko mtu yeyote, na moyoni mwake kulikuwa na kitu alichokionea aibu: wivu. Mdogo wake alimwita daktari wa meno. Alimwita mlinzi. Alimwita mtoto wake, sawa. Yeye dada yake, aliyekaa naye meza moja miaka kumi na minane, hakumwita hata mara moja. Kwa hiyo Kiroboto aliponyoosha mkono, Fundi Mkubwa alimpa pampu. Nalisema wazi kwa sababu na yeye baadaye hakulificha.

Baada ya hapo alijikaza. Alichukua oda ya bawa la tisa, akatandika kitambaa. Nusu ya kulia ilikwisha kukatwa kabla ya saa sita. Akaanza ya kushoto, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alipofika kipande cha nne ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo upepo wa asubuhi umekufa na wa alasiri haujazaliwa. Mtaani hapakuwa na mtu. Hata bomba la maji linalovuja nyuma ya kinyozi lilikuwa limeacha kudondosha. Juu ya kichwa chake mabawa manne yalikuwa yametulia, na hakuyatazama.

Kitambaa kilikuwa kinaishia. Alikilaza kigezo cha nne cha kushoto, kikapita ukingo wa kitambaa kidogo tu, kama upana wa mstari wa chaki. Akakisogeza, akakigeuza, bado kilipita. Fundi akakasirika, na hasira ilimfaa siku hiyo. Akaona hakuna haja ya kuharibu jora jipya kwa ajili ya upana wa chaki. Kulia na kushoto ni kitu kimoja kilichopinduliwa, akachukua kigezo chake mwenyewe cha nne, cha kulia, akakipindua, akakilaza. Kikaenea vizuri na nafasi ikabaki.

Alisimama akikitazama. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya katika chumba kile: alichukua kigezo cha mdogo wake akakiweka juu ya chake.

Cha mdogo wake kilizidi kwa milimita mbili. Alileta vingine. Cha kwanza kimezidi mbili. Cha pili, mbili. Vyote saba. Hazikuwa karatasi zilizochakaa zikavimba, kingo zilikuwa zimekatwa upya kwa makini na kupakwa nta ya mshumaa, kama mdogo wake alivyopenda kuzipaka. Mtu alikaa akavichora upya, kimoja kimoja, akavirudisha kwenye msumari wake bila kusema neno.

Fundi aliketi kwenye kiti cha kushoto. Alichukua mabaki mawili ya kitambaa, akashona, akivuta kwa nguvu kama alivyokuwa akimwona mdogo wake akivuta, na jasho likamtoka kwa kazi hiyo isiyo yake. Alipopima, mshono ulikuwa umekula milimita mbili. Akashona tena kwa mkono wake mwenyewe, mwepesi. Haukula kitu.

Basi ikawa wazi, na ilivyokuwa wazi ilikuwa mbaya. Mdogo wake hakubadilisha mkono. Alikuwa amechoka kufumuliwa kazi yake mbele za watu, akaongeza urefu wa vigezo ili mkono wake mzito ukishakula ziada hiyo vipande vitoshe, na nusu ya kushoto ikatoka sawasawa miaka yote ile. Vigezo vile vilikuwa vya mkono ule tu. Ukivishona kwa mkono mwepesi, nusu ya kushoto inazidi milimita mbili mara saba, na bomba la kushoto linapinda tofauti na la kulia. Bomba nene lenye kitambaa kinachovutika linayameza hayo. Bomba jembamba, gumu, lililojazwa hewa mpaka linalia, haliwezi kumeza. Bawa linalala kushoto. Na kwa kuwa upepo wa alasiri pale hutoka upande uleule kila siku, kila linapolala linampeleka mtu mahali palepale.

Hakuna aliyekuwa akiita watu. Ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Alishusha pumzi, karibu acheke, na hapo ndipo alipokumbuka kidole gumba. Mdogo wake alikuwa na bendeji wiki nzima. Alikuwa amekaa pale pale mlangoni akila karanga kwa mkono mmoja, akielekeza, akitania, "Leo dada unaniibia kazi," na dada mtu akazunguka meza kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akakaa kwenye kiti cha kushoto, akamshonea. Nusu zote mbili za bawa namba moja alizishona yeye.

Mlango wa karakana ulijisukuma ukagonga ukuta. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza.

Alitoka mbio pekupeku, mkasi bado umo mfukoni mwa aproni. Alipita kwa kinyozi, akaruka dimbwi, akapita kwa mama wa dobi aliyempigia kelele, "Fundi, viatu!" na hakumjibu. Kokoto zilimkata nyayo asisikie. Alichosikia ni upepo tu, ukizidi kukaza juu ya paa za mabati.

Kiroboto alikuwa majini mpaka kiunoni, ubao umeelea mbele yake, bawa amelishika juu kwa mkono mmoja. Ufukweni hapakuwa na mtu mwingine. Injinia alikuwa amewakataza wateja wasitoke siku ya upepo ule.

"Mwanangu, toka majini!"

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukwambia jambo moja. Ukishalisikia ukitaka kwenda, utakwenda, sina nguvu za kukushinda." Aliingia majini na gauni lake, akamfikia, akashika ncha ya bawa. Akamweleza. Alimweleza vigezo, nta ya mshumaa, mkono mzito na mkono mwepesi, saba mara mbili. Alimweleza pia habari ya kumfumulia mama yake mishono mbele za wateja, na watu kucheka, kwa sababu bila hiyo mengine yasingekuwa na maana. "Si yeye anayekuvuta kule," alisema. "Yote haya yamepinda kwa mkono wangu. Upepo ungetoka upande mwingine, lingekupeleka gatini."

Kiroboto alisikiliza bila kupepesa macho. Alikuwa fundi pia, ndani ya damu, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Fundi aliona hesabu ikipita usoni mwake, hatua kwa hatua, mpaka ikafika mahali ambapo yeye mwenyewe ilikuwa imemfikisha.

"Na lile la kwanza?"

Fundi alizidi kuikaza ncha ya bawa mkononi.

"Mama mkubwa, kidole kilikuwa kimevimba. Bendeji nilimfunga mimi. Hakuweza kushika hata kijiko."

"Hakuweza."

"Sasa nani alishona upande wa kushoto?"

"Mimi," Fundi Mkubwa alisema. "Sikujua. Lakini ni mimi."

Maji yaliwapiga viunoni. Uso wa Kiroboto ulibadilika ukawa wa mtu asiyemjua. Aliposema, alisema taratibu sana. "Na ile sauti? Nayo uliishona wewe?"

"Sijui, mwanangu."

"Saba mara mbili imenipeleka kwenye matete, sawa. Aliyeniambia nimshikie ni nani?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

"Basi niache nikamwulize."

Akalinyanyua bawa. Upepo ukalijaa kwa kishindo, bomba likakaza, na likaanza kuimba. Fundi alikuwa hajawahi kulisikia kwa karibu hivyo. Ulikuwa mvumo mwembamba, mmoja, unaotoka kila mahali, ukaingia kwenye meno yake na kwenye mifupa ya uso. Injinia alikuwa amesema kweli, ni hewa na mishono. Kisha mvumo ukaanza kupungua, na Fundi akaona kwamba kule mbali matete yaliyokuwa yakipepea yameanza kutulia, safu baada ya safu, wakati upepo huku kwao haukuwa umepungua hata kidogo.

Hakusubiri kimya kifike. Alichelea kile ambacho angekisikia, na alichelea zaidi kwamba angekitii. Alitoa mkasi, akauchomeka ndani ya bomba kwa mikono miwili, akauburuta kwa uzito wake wote. Lilipasuka kama tairi la lori. Kiroboto akaanguka nalo majini, akaibuka, akakohoa, akaona alichokifanya mama yake mkubwa, akamzaba kofi. Kisha la pili. Fundi alisimama akayapokea. Baada ya hapo msichana aliangua kilio, akakumbatia kitambaa kile kilicholowa na kulegea, akawa anaita mama, mama, na hakuna aliyemwitikia kutoka upande wowote.

Injinia aliyakusanya kwa mikono yake mabawa membamba yaliyokuwa bado kwa wateja, nyumba kwa nyumba, akaomba radhi kwa kila mtu. Fundi Mkubwa alifumua nusu zote za kushoto, akakata vigezo vipya kutokana na vyake vya kulia, akashona upya. Daktari wa meno amesema la kwake sasa linarudi nyumbani bila kubembelezwa. Hakuna tena anayefikishwa kwenye matete, na asiyefika huko hana cha kusikia.

Kiroboto hali tena kwa mama yake mkubwa, na hapiti barabara ya karakana. Lakini kila asubuhi kabla ya kazi Fundi huzunguka ufukweni, akasimama kwenye ngazi za kituo, akasema, "Hujambo mwanangu." Kiroboto huendelea kufunga kamba zake, kimya. Wiki iliyopita alipofika alikuta kituo kimefungwa, na ufukwe mtupu, na upepo umeanza kabla ya saa zake. Akakaa kwenye ngazi. Alikaa mpaka saa tano, mikono imemfa ganzi magotini, hathubutu kutazama upande wa mto. Kiroboto akatokea kwenye kona akitafuna mkate, macho mekundu ya mtu aliyelala kupita kiasi. Akampita bila neno, akafungua kufuli. Fundi akasimama, akajipangusa mchanga, akaenda kazini.